Injini ya Bwana Luhaga

Juma lililopita tuliachana pabaya. Seif, dereva wa teksi, alikuwa ameshika boneti ya gari aina ya Morisi kwa mikono miwili. Umati mzima wa kiwanja cha klabu ulikuwa umekodoa macho. Na Bwana Josephat Luhaga, mgombea udiwani, alikuwa amesimama pembeni na suti yake ya kijivu, akingoja gari lake liwashwe mbele ya watu.

Seif akainua boneti.

Akachungulia. Akaifunga. Akavua kofia, akapangusa uso, akaifungua tena, kama mtu anayeomba macho yawe yamemdanganya mara ya kwanza.

"Bwana Luhaga," akasema, "gari hili ulilinunua kwa nani?"

"Kwa Bwana Pemberton yule pale, mbele ya mashahidi. Kwani kuna nini?"

"Halina injini."

"Halina nini?"

"Injini, mzee. Kile kinachofanya gari liwe gari. Humu ndani kuna kuku."

Ni kweli, wasomaji wangu. Mahali pa injini palikuwa na kitanda cha majani makavu, na juu yake kuku mwekundu analalia mayai. Kuku huyo alikuwa ametelemshwa mlima wa Bugando ndani ya gari linalovutwa kwa kamba, akapitishwa sokoni kwa shangwe na vigelegele, akaingizwa klabu ya Wazungu, na muda wote huo hakuyaacha mayai yake. Sasa aliwatazama watu kwa hasira ya mama aliyeamshwa bure.

Kwa wewe uliyekosa gazeti la juma lililopita, ilikuwa Novemba ya mwaka 1961, mwezi mmoja kabla ya Uhuru. Wazungu wa Mwanza, nusu yao wakiwa wamekwisha kufunga masanduku, waliandaa maonyesho ya magari ya zamani kando ya ziwa, na kwa mara ya kwanza wakafungua lango kwa kila mtu. Kamati ya sherehe ikatangaza kwamba gari la mwananchi litakaloshinda ndilo litakalompokea Waziri uwanja wa ndege siku ya Uhuru. Wananchi wenye magari ya zamani walikuwa wawili tu, na wote wawili waligombea kiti kimoja cha udiwani.

Mmoja ni huyu Luhaga. Mwingine ni Ally Msafiri, fundi cherehani wa pale karibu na soko, mwenye gari la kijani linalong'aa hata gizani.

Kampeni ya Luhaga ilikuwa na neno moja tu. Kila mkutano aliuitisha uani kwake, akasimama juu ya ngazi ya Morisi, akapiga honi, akasema: "Mkinichagua mimi, Mwanza itatembea!"

Sasa Mwanza ilikuwa inamwangalia kuku.

Bwana Pemberton, mwamuzi wa maonyesho, akasogea na fimbo yake. Alikuwa amekaa nchini miaka mingi, na Kiswahili chake kilikuwa kimekaa naye bila kukua.

"Mimi liuza gari na injini," akasema. "Farasi kumi na moja ndani. Sasa iko kuku moja."

Watu wakaangua kicheko. Wazee waliokuwa wamekaa kwenye nyasi wakashikana mabega wasianguke. Hata mpishi wa klabu alitoka jikoni na mwiko wake aje kuona.

Luhaga aliona kiti cha udiwani kinamponyoka. Akaruka juu ya ngazi ya gari.

"Wananchi!" akapaza sauti. "Msicheke! Hapa hakuna kichekesho, hapa kuna wizi! Injini yangu imeibwa, na mwizi ninamjua!"

Kidole chake kikapita juu ya vichwa vya watu, kikatua kwa Ally Msafiri.

Ally alikuwa amekaa nyuma ya usukani wa gari lake katika kanzu mpya nyeupe aliyojishonea kwa ajili ya siku hiyo. Kwa kuwa kitambaa kilikuwa chake mwenyewe, hakukibania. Kanzu ilimfika mpaka kwenye vidole vya miguu na ikabaki nyingine.

"Mimi?" akasema. "Nina gari lenye injini yake. Hiyo ya pili nikaifunge kwenye cherehani?"

"Uliiba ili nishindwe!"

"Bwana wee, ungeshindwa tu. Kwa nini nijichoshe?"

Watu wakagawanyika. Hawa wakasema Ally ana hila, wale wakasema Luhaga ana wazimu. Askari mmoja aliyekuwa analinda lango akaitwa. Akaja, akasimama baina yao, akamgeukia mlalamikaji.

"Injini yako mara ya mwisho uliiona lini?"

Luhaga akakohoa. "Kuiona kwa namna gani?"

"Kwa macho."

"Mtu wa heshima hafungui boneti, afande. Kuna watu wa kazi hiyo."

"Basi uliisikia ikinguruma?"

"Gari langu ni la kimya."

"Uliwahi kuliendesha?"

Hapo Luhaga akatazama ziwani. Ukweli ni kwamba tangu mwaka juzi, alipolinunua gari lile kwa fedha za pamba, hakulitoa uani hata siku moja. Kila Jumapili baada ya misa alikaa ndani yake na gazeti, akapiga honi majirani wasikie, kisha akatoka na kufunga mlango taratibu, kama mtu aliyetoka safari ya mbali. Kuendesha hakujua. Na kuuliza aliona ni kujivunjia heshima.

"Mnanihoji mimi au mnamhoji mwizi?" akafoka.

Askari, aliyekuwa anataka jambo hili liishe, akamshika Ally mkono. "Haya, twende kituoni. Utaeleza huko."

Ally akapauka. "Kituoni? Na maonyesho je?"

"Mwachie."

Sauti hiyo ilikuwa ya mwanamke. Umati ukapasuka, akapita mama mnene kiasi, kitenge kimefungwa imara, kitambaa kichwani, nyusi zake zina vumbi jeupe. Wengi walimjua kwa jina la mtoto wake wa kwanza, Mama Suzana. Jina lake mwenyewe ni Dorotea, na ni mke wa ndoa wa Bwana Josephat Luhaga.

"Mwachie Bwana Ally, afande," akasema. "Injini nimeichukua mimi."

Ni kuku tu aliyeendelea na kazi yake.

"Mama Suzana," Luhaga akasema, "umechukua nini?"

"Injini ya gari, Baba Suzana. Mwaka jana, ulipokwenda Tabora mkutanoni."

"Ukaipeleka wapi?"

"Igoma. Inasaga unga."

Mwanamke mmoja nyuma akasema kwa nguvu, "Haa! Kumbe ile mashine!" na wenzake wakaanza kunong'onezana, kwa maana nusu ya wanawake wa upande ule wa mji walikuwa wamekwisha kusaga pale.

Luhaga alishuka ngazi ya gari. Kwa mara ya kwanza siku hiyo aliongea kwa sauti ya chini.

"Mke wangu. Unanivua nguo mbele ya Wazungu."

"Nilikuomba mashine ya kusaga, ukanunua gari," Dorotea akajibu, naye kwa sauti ya chini. "Baba yangu aliniachia mawe ya kusagia, hayakuwa na injini. Gari lako lilikuwa na injini, halikuwa na safari. Nikaviunganisha."

"Na hukuniambia!"

"Nilingoja uwashe gari. Nikasema, siku atakayolitia ufunguo, nitapiga magoti nimweleze yote. Baba Suzana, nimengoja mwaka mzima."

"Na huo ugali ninaokula nyumbani..."

"Unga wa Igoma."

Luhaga akashika tumbo lake kama mtu aliyeambiwa amekula ndugu yake.

Ally Msafiri, mkono wake ukiwa umeachiwa, hakungoja aombwe radhi. Mfanyabiashara anajua soko linapochangamka. Akapanda gari lake, akapiga honi mara tatu.

"Bwana Mwamuzi! Sheria inasema gari lizunguke kiwanja kwa nguvu zake lenyewe. Wengine wana kuku. Mimi nazunguka!"

Gari la kijani likanguruma kwa sauti tamu. Watu wakapiga makofi. Ally akapita mbele ya jukwaa, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine ukipungia wapiga kura. Akapita mbele ya Wazungu, akainamisha kichwa. Akapita mbele ya Luhaga, akatabasamu kwa meno yote.

Tabasamu hilo lilimponza.

Kiwanja cha klabu, kama ujuavyo, kinatelemka kuelekea majini. Ally alipofika kwenye kona ya mteremko akanyanyua mguu ili akanyage breki. Mguu ukanyanyuka, kanzu ikakataa. Lile pindo refu asilolibania lilikuwa limejisokota chini ya pedali. Akavuta. Likajikaza zaidi.

"Breki!" Seif akapiga kelele. "Kanyaga breki!"

"Kanzu!" Ally akajibu. "Kanzu!"

Gari likaacha njia. Likapita katikati ya meza za chai za akina mama wa Kizungu, likabeba kitambaa cha meza kwenye taa yake kama bendera, likashuka ufukweni bila haraka, likaingia Ziwa Viktoria. Maji yalipofika kwenye viti, likazimika.

Ally alisimama juu ya kiti, kanzu imepasuka mpaka magotini. Wakati wengine wanakimbia kumwokoa, yeye alikuwa ananyoosha kidole kwa katibu wa kamati, kijana mwembamba aitwaye Nkwabi, ambaye pia ndiye aliyeandikisha wagombea udiwani.

"Katibu! Andika! Limekwenda lenyewe! Hakuna aliyelisukuma!"

Nkwabi akamtazama Bwana Pemberton. Bwana Pemberton akalitazama ziwa kwa muda.

"Kwenda, ndiyo," akasema. "Kurudi, bado."

Basi ikawa hakuna mshindi. Kamati ikakaa palepale chini ya turubai, na Nkwabi akatoka na uamuzi: maonyesho ni ya siku mbili. Gari litakalozunguka kiwanja likarudi lilipoanzia kabla ya kesho adhuhuri, ndilo litakalompokea Waziri.

Luhaga akafufuka.

"Seif! Ukipata injini jioni hii, asubuhi itakuwa imefungwa?"

Seif akakuna kichwa. "Nikikesha, huenda."

"Utakesha. Katibu, twende pamoja ukashuhudie, wasije wakasema nimeazima injini ya mtu. Na vijana wanne watufuate na lori la kamati."

"Baba Suzana," Dorotea akaita, "ile mashine leo imejaa watu."

"Watu gani?"

"Twende, utawaona."

Wakaingia katika teksi ya Seif. Dorotea akakaa mbele kwa kuwa ndiye anayejua nyumba. Luhaga na Nkwabi wakakaa nyuma. Kabla mlango haujafungwa, Dorotea akamkabidhi mume wake kapu lenye kuku, majani na mayai.

"Mpakate vizuri. Akishtuka atayasusa."

Hivyo ndivyo mgombea alivyopita katika mji aliouahidi utatembea: kuku mapajani, uso umeelekezwa chini, na kila alipopita watu walikuwa wamekwisha kupata habari kabla yake. Mahali pengine walisema injini iliibwa. Mbele kidogo walisema iligeuka kuku. Karibu na Igoma, mzee mmoja wa baiskeli alikuwa anawaeleza wenzake kwamba Luhaga mwenyewe ndiye aliyeatamia.

"Mama Suzana," Luhaga akasema wakiwa njiani, "ungeniambia tu. Ningekataa, lakini ungeniambia."

"Ndiyo maana sikukuambia."

Nkwabi akageuza uso dirishani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Wakafika. Nyumba ilikuwa ya bati, kando ya barabara ya Musoma. Kabla hata Seif hajazima teksi, waliisikia: mngurumo mzito, laini, usiokatika, kama simba aliyeshiba.

Luhaga akabaki amekaa.

"Ndiyo hiyo?" akauliza.

"Ndiyo hiyo," Dorotea akasema.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuisikia sauti ya gari lake. Jumapili zote zile, pale uani, alikuwa akiibuni kichwani mwake wakati akigeuza usukani kushoto na kulia. Hakuwahi kuibuni vizuri namna hii. Macho yakamlowa. Akampa Nkwabi lile kapu la kuku, akashuka.

Ndani kulikuwa na vumbi jeupe na wanawake. Wengine walikaa juu ya magunia, wengine walisimama na madebe ya mahindi, muhogo na mtama. Walitoka Igoma, walitoka Buswelu, na wengine walitembea tangu asubuhi kutoka njia ya Kisesa. Katikati, imefungwa kwa bolti nne kwenye msingi wa saruji, ilikuwa injini ya Morisi, mkanda mrefu unazunguka kutoka kwake mpaka kwenye mawe.

"Shikamoo, baba," akamwamkia mama mmoja kijana, amembeba mtoto mgongoni.

"Marahaba," Luhaga akajibu, kisha akakumbuka alichofuata. Akapanda juu ya gunia, kama alivyozoea kupanda ngazi ya gari.

"Akina mama! Injini hii ni mali yangu. Nchi inapata Uhuru. Waziri anakuja. Injini hii inahitajika kwa heshima ya mkoa wetu!"

"Itarudi lini?" akauliza yule mama kijana.

"Baada ya sherehe."

"Sherehe si mwezi ujao? Na leo tutakula nini?"

"Mtatwanga! Mama zenu hawakutwanga?"

Ewe msomaji, kuna maneno mgombea hapaswi kuyasema akiwa amezungukwa na wapiga kura wenye michi nyumbani. Kelele zilizopanda zilizidi mashine. Bibi mmoja wa Kisukuma, mzee mno, akamnyooshea ungo.

"Luhaga! Umepanda juu ya mtama wangu!"

Luhaga akashuka haraka. Lakini hakurudi nyuma. Labda kama wangemwomba peke yake, asingefanya alichofanya. Ila Nkwabi alikuwa mlangoni anatazama, na kichwani mwake kicheko cha kiwanjani kilikuwa bado hakijaisha.

"Seif, zima."

"Mzee..."

"Nimesema zima. Ni yangu!"

Seif akazima.

Mawe yakazunguka kwa kuchoka, yakasimama, na mahindi yaliyokuwa kinywani mwa mashine yakabaki nusu punje nusu unga. Ukimya ule ulimshtua hata Luhaga. Mtoto mgongoni mwa mama yake akaanza kulia.

Luhaga akawageukia vijana wanne wa lori. "Njooni mbebe."

Hawakusogea. Wawili kati yao walikuwa watoto wa Igoma, na mama ya mmoja alikuwa pale pale juu ya gunia, anamwangalia. Wa tatu akasema mgongo unamuuma tangu juzi. Wa nne akasema anamngoja yule wa tatu apone.

"Basi nitaifungua mwenyewe!"

Akanyang'anya spana mkononi mwa Seif, akapiga magoti na suti yake ya kijivu kwenye unga.

Ndipo Dorotea akaja, akachuchumaa mbele yake. Injini ilikuwa katikati yao, bado ina moto.

"Baba Suzana," akasema, "nisikilize. Nimekukosea, na mbele ya watu wote hawa naomba radhi. Nilichukua bila ruhusa. Ukitaka, kesho twende klabu nikusaidie kulisukuma gari lako kuzunguka kiwanja, na Waziri nitamsukuma mimi na wenzangu hawa kutoka uwanja wa ndege. Lakini hii iache isage."

"Waziri asukumwe kama mkokoteni?"

"Akitoka hapo atakuwa amewajua waliomsukuma."

Wanawake wakacheka kidogo. Hata Luhaga karibu acheke. Spana ilitua juu ya bolti ya kwanza, ikatulia hapo. Akamtazama mke wake, vumbi kwenye nyusi, na kwa kitambo akamwona kama alivyomwona siku ya kwanza nyumbani kwa baba yake, akibeba gunia ambalo wanaume wawili walikuwa wanabishana nani alibebe.

"Katibu," akasema bila kugeuka, "Ally amekwisha kulitoa gari lake majini?"

"Tulipoondoka niliwaona wanalivuta kwa kamba," Nkwabi akajibu. "Alikuwa anasema likikauka usiku huu, kesho anazunguka."

Ule upole ukaondoka machoni mwa Luhaga.

Akazungusha spana. Bolti ikalegea.

Dorotea akainuka polepole, akakung'uta unga magotini. Akawapita wanawake, wakampisha. Akaenda moja kwa moja mpaka mlangoni, aliposimama Nkwabi na mfuko wake wa kamati begani na kuku mikononi.

"Katibu, majina ya wagombea udiwani yanafungwa lini?"

"Jumatatu, mama."

"Mwanamke anaruhusiwa?"

Nkwabi akamwangalia Luhaga aliyepiga magoti kule ndani, mkono umeganda kwenye bolti ya pili.

"Anaruhusiwa."

"Basi toa karatasi yako."

"Mama Suzana!" Luhaga akaita.

Hakugeuka. Nkwabi akaweka kapu chini, akatoa karatasi na kalamu, akaiegemeza kwenye mlango wa teksi. Nyuma yao wanawake walikuwa wanatoka mmoja mmoja na madebe yao yasiyosagwa, wanajipanga barabarani kama foleni ya kusaga.

"Jina?"

"Dorotea."

"Dorotea Luhaga?"

"Andika Dorotea Mayala. Hilo ni la baba yangu. La mume wangu si unalo tayari? Lipo kwenye karatasi nyingine."